Mpapai, tindora, mkindu au Silene: upi ukufundishe kromosomu za jinsia?

Mwanafunzi wa biolojia anayetaka kuelewa jinsi mimea inayochanua ilivyopata dume na jike hukwama mapema kwenye swali dogo: nianze na mmea upi? Vitabu vingi vitampeleka kwenye Silene, ua jeupe la Ulaya ambalo hapa Dar es Salaam hutalikuta hata kwa wauza maua wa barabarani. Wakati huohuo nyuma ya nyumba kuna mpapai, kwenye uzio wa jirani inatambaa tindora, na bondeni kumeota mikindu. Yote mitatu ina kromosomu za jinsia, yaani nyuzi za DNA zinazoamua mmea uwe dume au jike. Kila mmoja unaonyesha jambo ambalo mwingine hauonyeshi, au unalionyesha kwa shida.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo anayetafuta mradi, mwalimu wa kidato cha tano na sita anayetaka mfano unaoshikika, na mpenda mimea ambaye hana maabara wala haja ya kuwa nayo.

Kwanza, dume na jike vilikujaje

Mimea mingi inayochanua haina habari ya dume na jike. Ua la nyanya au la haragwe lina chavua na ovari humo humo. Mnazi una maua dume na maua jike mbalimbali, lakini yote hutoka kwenye karara moja, kwa hiyo hakuna mnazi dume wala mnazi jike. Spishi ambazo mti mmoja ni dume na mwingine ni jike ni chache. Hesabu iliyochapishwa na mtaalamu wa mimea Susanne Renner mwaka 2014 ilizikadiria kuwa takribani 15,600, yaani asilimia 5 hadi 6 ya mimea inayochanua. Chache, ila zimetapakaa katika familia 175. Mtapakao huo unaonyesha kwamba jambo hili halikuanza mara moja likarithiwa na wote. Limeanza upya mamia ya mara, pengine maelfu.

Hapo ndipo mimea inapotupita sisi. Kromosomu X na Y za binadamu ni hadithi moja ya zamani sana, yenye zaidi ya miaka milioni 150, na kurasa zake za mwanzo zimeshachanika. Za mimea ni nyingi, nyingine changa, na kila moja ilianza kivyake. Herufi X na Y ni za kuazima tu. Y ya mpapai haina undugu na Y ya mwanadamu.

Nadharia inayotumika zaidi iliandikwa na Brian Charlesworth na Deborah Charlesworth mwaka 1978. Anza na mimea yenye maua ya jinsia zote mbili. Badiliko la kwanza la jeni linaua chavua, na waliolipata wanabaki majike. Badiliko la pili, kwenye mimea mingine, linazuia ovari, na hao wanakuwa madume. Ugumu unakuja pale mabadiliko hayo mawili yanapotenganishwa wakati kromosomu zinabadilishana vipande: unaweza kupata mmea usio na chavua wala ovari, tasa kabisa. Kwa hiyo uteuzi wa asili hupendelea hali ambayo jeni hizo zinakaa pamoja bila kubadilishana. Eneo lililofungwa hivyo hupanuka. Na eneo lisilobadilishana na mwenzake halina njia nzuri ya kujisafisha, hivyo makosa hurundikana, jeni hufa, vipande vya DNA vinavyojirudia hujaa. Y inaweza kuvimba kwanza, kisha baada ya muda mrefu ikasinyaa.

Mimea minne tunayoilinganisha imesimama sehemu tofauti za barabara hiyo.

Tunapima nini

Vigezo ni vitano, na kila mmea umepimwa kwa hivyo hivyo: kama dume na jike vinatofautishika kwa macho na baada ya muda gani, mmea unafundisha nini kuhusu mageuko, vifaa unavyohitaji, unavyopatikana Dar, na nani utamfaa. Sikuweka gharama kama kigezo cha peke yake, maana kinachokula fedha hapa ni vifaa na nafasi.

## Mpapai (Carica papaya)

Dume na jike. Mpapai wa mbegu huchanua baada ya takribani miezi 4 hadi 6. Kabla ya hapo hakuna ajuaye, hata kama atakuonyesha mizizi, majani au rangi ya mbegu. Ukichanua, hauhitaji mtaalamu. Dume hutoa vikonyo virefu vyenye matawi, na maua membamba mengi yananing'inia. Ua jike ni nene na limekaa karibu na shina. Lipasue kwa ukucha: petali tano zimeachana hadi chini, katikati kuna ovari ya mviringo yenye stigma iliyochanikachanika juu, na hakuna hata chembe ya chavua. Halafu kuna wa tatu, mpapai wa jinsia mbili. Petali zake zimeshikana kwa chini, ovari ni ndefu, na stameni (vijiti vinavyobeba chavua) za njano zimeizunguka. Hata sokoni tofauti ipo: papai la jike huwa la mviringo lenye uwazi mkubwa ndani, la jinsia mbili huwa refu.

Angalizo mbili za hapa kwetu. Ua la jinsia mbili likipigwa na joto kali linaweza kushindwa kukuza ovari likafanana na dume, kwa hiyo usiuhukumu mti kwa ua moja la Februari. Na mpapai dume ukizaa vipapai kwenye vile vikonyo virefu, haujageuka jike. Kromosomu ni zilezile. Maua machache tu yamekuza ovari. Kupigilia msumari kwenye shina nako hakubadilishi X kuwa Y.

Unafundisha nini. Hapa ndipo mpapai unaponivutia zaidi. Mwaka 1938 watu wawili, Hofmeyr wa Afrika Kusini na Storey wa Hawaii, kila mmoja kwa upande wake, walieleza urithi wa jinsia ya mpapai. Leo tunauandika hivi: jike ni XX, dume ni XY, na wa jinsia mbili ni XYh, ambapo Yh ni Y ya aina ya pili. Kiinitete chenye Y mbili za aina yoyote hufa, kwa sababu kuna kitu cha lazima ambacho X inacho na Y zote mbili hazina. Huo tayari ni uchakavu wa Y unaoonekana.

Ukichavusha ua la jinsia mbili kwa chavua yake lenyewe, robo ya viinitete hufa, na waliobaki hutoka kwa uwiano wa jinsia mbili wawili kwa jike mmoja. Siyo 3:1 ya Mendel, ni 2:1. Mwanafunzi anayeshika hesabu hiyo ameshika kifo cha YhYh bila kugusa DNA.

Ila hesabu inataka idadi. Tuseme umepata uwiano kamili wa 2:1. Kwa jaribio la kai-mraba, yaani kipimo cha takwimu cha umbali kati ya idadi uliyopata na uliyotarajia, miti 36 (24 kwa 12) inatosha kukataa 1:1, maana kai-mraba ni 4.0 na mpaka ni 3.84. Lakini miti hiyohiyo 36 haikatai 3:1, inatoa 1.33 tu. Ili uikatae 3:1 unahitaji kama miti 108, yaani 72 kwa 36. Miradi mingi ya mpapai hufia hapo: mtu amepanda miti kumi na miwili, kisha anaandika kwamba matokeo "yanakubaliana na nadharia". Yanakubaliana na kila nadharia.

Kwa upande wa DNA, mwaka 2004 ilitangazwa kwamba mpapai una Y changa, na jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilichapishwa mwaka 2008. Eneo lisilobadilishana kwenye Yh lina herufi za DNA takribani milioni 8.1, na eneo linalolingana nalo kwenye X lina milioni 3.5. Y imevimba. Kuna vipande viwili vikubwa vilivyogeuka nyuma mbele, na makadirio ya 2012 yaliweka mwanzo wa kutengana kama miaka milioni 7 iliyopita. Yh yenyewe ni ya juzi: ilitengana na Y ya dume kama miaka 4,000 iliyopita, wakati wakulima wa Amerika ya Kati walipokuwa wanachagua miti ya kupanda. Mipapai ya porini ni dume na jike tu. Kwa hiyo kromosomu ya mpapai wa jinsia mbili ina alama ya mkono wa mkulima.

Vifaa. Macho, daftari, na vifuko vya kufunika maua kabla hayajafunguka ili ujue chavua imetoka wapi. Mbegu za papai ulilonunua zina mama unayemjua kwa umbo la tunda, ila baba humjui. Hadubini haisaidii, X na Y za mpapai hazitofautiani kwa umbo. Ukiwa na PCR, njia ya maabara ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi ili kionekane, unaweza kuijua jinsia ya mche wa wiki chache, lakini si lazima.

Kupatikana Dar. Kila mtaa. Tatizo ni nafasi ya miti 108, ambayo Sinza au Magomeni haipo. Njia ya mkato ni kumtafuta mkulima wa Kigamboni au Chanika anayepanda miche mitatu kwa shimo ili abaki na mmoja wa jinsia mbili. Shimo la miche mitatu iliyotokana na kujichavusha lina nafasi 1 kati ya 27 ya kutoa majike matupu, ndiyo maana wakulima hufanya hivyo. Muombe uhesabu kabla hajang'oa. Ukichelewa wiki mbili, majike yamekwisha na data zako zimekwenda nayo.

Unamfaa mwenye kupenda hesabu na urithi, mwalimu wa sekondari, na yeyote asiye na maabara.

## Tindora (Coccinia grandis)

Dume na jike. Rahisi kuliko mimea yote hapa. Ua jike lina kitango kidogo chini ya petali, hata likiwa bado tumba. Ua dume halina. Petali ni nyeupe kwa yote mawili. Mmea huota kwa kipande cha shina na huchanua mapema, hauna haja ya kusubiri nusu mwaka.

Unafundisha nini. Y yake ni jitu. Mmea una kromosomu 24, na kwa dume Y ni kubwa kuliko zote, kiasi kwamba DNA ya dume inaizidi ya jike kwa takribani asilimia 10. Uzito huo umetokana na takataka: vipande vinavyojirudia, hata vipande vya DNA vilivyohama kutoka kwenye kloroplasti. Na haya yote yametokea ndani ya miaka milioni chache. Mageuko hayafuati saa. Mpapai una miaka zaidi na Y yake bado haionekani kwenye hadubini. Tindora ina miaka michache na Y yake inajaza jicho.

Jamaa zake wa karibu wa jenasi ya Coccinia nao wana dume na jike, lakini waliochunguzwa hawakuonyesha Y kubwa kama hii. Mtu anaweza kulinganisha ndugu kwa ndugu.

Vifaa. Unahitaji hadubini yenye lenzi ya mafuta ya 100, slaidi, asetokamini (rangi ya kutia kromosomu), alkoholi na asidi kali ya asetiki. Chuma matumba machanga ya dume, yaloweke usiku kucha kwenye alkoholi tatu kwa asidi moja. Toa kifuko cha chavua, kiweke kwenye tone la rangi, kigongegonge kwa sindano mpaka chembe zitoke, funika kwa kioo, pasha moto kidogo, kisha bonyeza kwa kidole gumba kwenye karatasi ya kunyonya bila kuteleza. Ukiteleza, seli zote zimesagika. Ukipata seli inayojigawa, utaona jozi ndogondogo zimetawanyika, na jozi moja isiyolingana: X na Y zimeshikana ncha kwa ncha tu, kama watu wanaopeana ncha za vidole. Sehemu isiyoshikana ndiyo ile "isiyobadilishana" tuliyoisema mwanzo, sasa iko mbele ya jicho.

Slaidi nyingi za mwanzo hazitaonyesha kitu. Tumba likiwa kubwa mno, mgawanyiko umeshapita. Likiwa dogo mno, bado. Chukua matumba ya saizi mbalimbali kutoka kikonyo kimoja na uandike saizi iliyokubali. Asidi ile inaunguza, kwa hiyo kazi hii ni ya maabara yenye hewa, siyo ya meza ya chakula.

Kupatikana Dar. Matunda yake mabichi, yenye mistari myeupe, huliwa sana kwenye mapishi ya Kihindi, na wauza mboga wa Kisutu ndio wa kuwauliza kwanza. Lakini ukimuuliza muuzaji, "Mama, dume lake napata wapi?" atakucheka: "Mwanangu, dume linazaa?" Na ana haki. Mkulima hutunza majike, hupanda vipande vya majike, na madume huachwa machache au hayaachwi. Mmea huu ni wa asili ya ukanda wetu pia, kwa hiyo dume litafutwe kwenye nyua na vichaka, wakati wa maua. Kwenye mradi wa tindora, kazi ngumu ya kwanza ni hiyo, hata kabla ya hadubini.

Inamfaa mwanafunzi wa chuo mwenye ruhusa ya kuingia maabara, na mwalimu anayetaka wanafunzi waone kromosomu ya jinsia kwa macho yao.

## Mkindu na mtende (jenasi ya Phoenix)

Dume na jike. Wakati wa maua tu. Mtende wa mbegu huchukua miaka 5 hadi 8 kabla ya kuchanua, kwa hiyo usipande, tafuta iliyopo. Ile mbegu ya mtende ya miaka kama 2,000 iliyopatikana Masada, Israeli, iliota mwaka 2005, ikapewa jina la Methuselah; watu wakasubiri hadi 2011 kujua ni dume. Wakulima wa mitende hukwepa kamari hiyo kwa kupanda machipukizi ya mti ambao jinsia yake inajulikana.

Unafundisha nini. Ile nadharia ya mabadiliko mawili, ikiwa imethibitika katika jenasi nzima. Mwaka 2018 watafiti walilinganisha DNA ya spishi zote 14 za Phoenix, mkindu wetu (Phoenix reclinata) ukiwemo, wakatafuta vipande vilivyomo kwa madume wote na visivyomo kwa majike wote. Walipata jeni tatu. Mbili, CYP703 na GPAT3, zinahusika na kutengeneza chavua, na majike hawana. Ya tatu, inayofanana na jeni za LOG, inaelekea ndiyo inayozuia ovari. Upande wa kutengeneza dume na upande wa kuzuia jike, miaka 40 baada ya nadharia kuandikwa. Na kwa kuwa jenasi nzima inashiriki jeni hizo, kromosomu hii ni ya zamani kuliko kutengana kwa mkindu na mtende.

Nisiipambe mno. Si kila mmea umepita njia ya jeni mbili: mpersimoni na mipopla huonyesha kwamba swichi moja inaweza kutosha. Phoenix ni mfano mzuri wa njia moja.

Vifaa. Kuziona jeni hizo unahitaji PCR na data za mfuatano wa DNA. Bila hivyo unabaki na kazi ya porini: kuhesabu madume na majike, na kuangalia kama ni nusu kwa nusu. Hapo jihadhari na mtego mmoja. Mkindu hutoa mashina mengi kutoka kisiki kimoja, na yote ni mti mmoja kwa jinsia. Hesabu visiki, usihesabu mashina.

Kupatikana Dar. Mkindu hupenda mabonde na ardhi yenye maji. Wasusi wa mikeka wanajua ukindu unakatwa wapi kuliko mtu yeyote, waulize wao kwa heshima, tena usiende kukata. Mitende iko kwenye bustani za nyumba na mahoteli. Hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ni mahali pa kuanzia kwa anayetaka kuthibitisha spishi.

Unamfaa mwenye mwelekeo wa jeni na molekuli, au mtafiti wa ikolojia aliyezoea buti na matope. Haumfai mwenye muhula mmoja na hana miti iliyokwishachanua.

## Silene (Silene latifolia)

Dume na jike. Rahisi: kikombe cha kijani kinachoshika ua la jike kimevimba na kina mishipa 20, cha dume ni chembamba na kina 10. Huchanua ndani ya miezi michache, kwenye hewa ya ubaridi.

Inafundisha nini. Karibu kila kitu, maana imesomwa kwa zaidi ya karne. Kromosomu zake za jinsia ziliripotiwa mwaka 1923 na Kathleen Blackburn na Øjvind Winge. Mogens Westergaard alitumia Y zilizokatika vipande kuonyesha kwamba sehemu moja ya Y huzuia ovari na nyingine hutengeneza chavua, kazi aliyoikusanya mwaka 1958. Y yake ni kubwa kuliko X, na umri wa mfumo mzima unakadiriwa kama miaka milioni 10. Jeni linalozuia ovari, GSFY, lilielezwa mwaka 2022, na mfuatano mrefu wa Y yenyewe ulichapishwa mwaka 2025. Kuna na kioja: kuvu wa jenasi ya Microbotryum akimwingia jike, jike huota stameni zilizojaa mbegu za kuvu badala ya chavua. Maana yake jike bado ana maelekezo ya kujenga stameni, yamezimwa tu.

Vifaa. Kompyuta na intaneti. Data zake ziko wazi kwenye hifadhi za kimataifa, na mtu anaweza kulinganisha jeni za X na Y akiwa chumbani kwake Mabibo.

Kupatikana Dar. Haipatikani. Kuingiza mbegu kunataka kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) na cheti cha afya ya mimea, na ukifanikiwa bado una joto letu. Rai yangu: isome, usiioteshe.

Inamfaa anayeandika tasnifu ya maktaba, anayejifunza uchambuzi wa data za jenomu, au anayejiandaa kusoma nje.

## Waliobaki nje

Kiazi kikuu kilistahili kuingia. Katika jenasi ya Dioscorea, D. rotundata ina mfumo wa ZW, yaani jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, kama ilivyo kwa kuku (utafiti wa 2017), wakati D. alata, kinacholimwa sana pwani na visiwani, kina XY. Jenasi moja, mifumo miwili. Nimekiacha kwa sababu viazi vikuu vilivyolimwa kwa vipande vizazi na vizazi huchanua kwa nadra, na huwezi kuendesha mradi kwa mmea usiochanua. Kwa insha, ni mfano mzuri sana.

## Kulingana na hali yako

Una darasa la sekondari na huna maabara: mpapai. Leta maua ya aina tatu, wanafunzi wayapasue wenyewe. Hesabu ya 2:1 ifundishwe ubaoni, na kai-mraba ifanywe kwa idadi ya kubuni kama huna shamba la kuhesabia, mradi useme wazi kwamba ni ya kubuni.

Una darasa na una hadubini inayofanya kazi: tindora, lakini tafuta dume kwanza, kabla hujaandika somo.

Uko mwaka wa tatu na mradi wa muhula mmoja: tindora kama maabara iko wazi kwako, mpapai kama umempata mkulima mwenye shamba la kutosha. Usichanganye yote miwili ili uonekane una kazi nyingi. Anayetaka shahada ya uzamili, mwenye msimamizi na PCR, aangalie mkindu; bado kuna mengi ya kuuliza kuhusu mikindu ya mabonde yetu, na spishi ipo mlangoni.

Huna fedha ya vifaa ila una kompyuta na uvumilivu: Silene, data tupu. Ukipata ujuzi, programu zilezile zinafanya kazi kwenye jenomu ya mpapai.

Mpenda mimea mwenye kiwanja cha mita chache Tegeta au Mbagala: mpapai, miche mitatu shimoni. Osha mbegu utoe ule utando wa utelezi, maana unazuia kuota. Ukisia Oktoba, vuli itakusaidia kumwagilia, na maua ya kwanza utayaona kati ya Februari na Aprili. Panda juu ya tuta: maji ya masika yakituama siku mbili tatu, mizizi inaoza, na mpapai utakufa kabla hujajua ni dume au jike.